Uwele wa Matanga

Damyanti alishuka kwenye gari moshi pale stesheni ya Singida siku ya upepo mkali, umri wake miaka kumi na tisa, mkononi ana sanduku moja la bati, na nyuma yake yupo mume aliyemfahamu kwa wiki saba tu, tatu kati ya hizo zikiwa za melini. Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Hitla. Reli ya kutoka Manyoni ilikuwa bado ngeni machoni mwa watu, na kila gari moshi lilipoingia hawakukosekana waliokuja kulitazama tu. Siku hiyo walimtazama yeye. Upepo ulimvua ushungi mara mbili, na mara ya pili akasikia wanawake wakiangua kicheko. Alishusha macho kwa aibu, akaapa moyoni kwamba hatawasahau. Baadaye sana ndipo alipoambiwa kuwa walikuwa wakiicheka kofia ya mumewe, iliyokuwa ikibingirika juu ya reli kuelekea Manyoni.

Mumewe, Prabhudas, alikuwa na duka la mabati karibu na soko. Alinunua samli na ngozi kutoka kwa wafugaji, akauza kaniki, chumvi na shanga. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na neno lake kubwa ndani ya nyumba lilikuwa moja: "Muulize Ba."

Ba ni mama, kwa Kigujarati. Na Ba wa nyumba ile alikuwa Chanchal, mamake Prabhudas, mjane mwembamba aliyefunga funguo zote za nyumba kiunoni, ukamsikia anakuja kabla hujamwona. Chanchal alikuwa amekaa nchi hii miaka ishirini na mitatu, kwanza Tabora, kisha Singida. Kiswahili chake chote kilikuwa amri: leta, weka, fagia, toka. Siku ya kwanza alimwonyesha mkwewe jiko, ua, na ukuta wa ua.

"Mpaka hapa ni nyumba," alisema, akigonga ukuta kwa kiganja. "Ng'ambo ya hapa ni kwao."

Basi Damyanti akaanza maisha yake ndani ya ua ule, wenye hatua kumi na nne kwa urefu na tisa kwa upana. Alizipima mwenyewe. Juu ya ukuta aliona vichwa vya mawe makubwa yaliyobebana kama mizigo iliyosahauliwa na wapagazi, na mbingu iliyokuwa kubwa kuliko aliyoiacha kwao Kathiawari, Bara Hindi. Kutwa upepo ulivuma, ukileta vumbi kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye meno. Alipotaka kulia alingoja upepo uzidi, ili asisikike.

Shida yake ya kwanza kubwa ilikuwa chai. Kila asubuhi alichemsha maji, akatia majani, sukari na tangawizi, kisha maziwa, na kila asubuhi maziwa yalikatika. Chai ikawa mabongemabonge juu, maji machafu chini. Chanchal aliitazama, akaisukuma pembeni.

"Kwenu hamkuwa na ng'ombe?" aliuliza.

Siku ya nne Damyanti alikuwa ameshika sufuria mlangoni pa ua, machozi yamemlenga, alipofika mwanamke anayeleta maziwa. Huyu aliitwa Stumai, Mnyaturu wa mtaa wa nyuma ya duka, mwenye miaka thelathini na kidogo, mrefu, mwenye mwendo wa mtu asiyefukuzwa na chochote. Alichungulia ndani ya sufuria. Hakucheka. Alichovya kidole kwenye debe la maji lililokuwa karibu, akakionja, akakunja uso, kisha akalionyesha debe kwa kidole kile kile ili Damyanti naye aonje.

"Chumvi," alisema Stumai.

Damyanti hakulijua neno hilo, ila ulimi ulimwelewesha.

Stumai akamwita mwanamke aliyekuwa akileta maji pale kila asubuhi. Huyu alikuwa Dorika, Mnyiramba kutoka Kinyangiri, mke wa mfanyakazi wa reli, mfupi, mwenye ulimi usiojua kupaka mafuta. Wakasemezana kwa haraka, Dorika akilalamika kwa mikono yote miwili, Stumai akitulia. Kesho yake Dorika alileta maji kutoka kisima cha mwambani, ambako ni mbali zaidi lakini maji yake ni baridi, hayana chumvi. Alipotua debe alisema, "Haya, mwali, kunywa chai yako. Miguu yangu ndiyo inayojua ilikotoka." Chai siku hiyo ilitoka nyekundu, laini, na Chanchal akanywa vikombe viwili bila kusema neno. Kwake kunyamaza kulikuwa ndiyo shukrani.

Tangu hapo Stumai hakuwa tena mtu wa kumimina maziwa na kwenda zake. Alikaa kidogo kizingitini. Aligusa kitu akakitaja, na Damyanti akarudia: kibuyu, kuni, kidole, vumbi. Kwa mwezi mmoja Damyanti aliamini kwamba "ngoja kwanza" ni jina la paka, kwa kuwa kila paka alipotokea Stumai alisema hivyo huku akifunika maziwa. Walipogundua kosa hilo walicheka hadi Chanchal akatoka na funguo zake kuona kuna nini.

Mara nyingine Stumai alifuatana na mama yake, bibi kizee ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi tu. Macho yake yalikuwa yamefifia. Huyo ndiye aliyemfundisha Damyanti shikamoo. Alimshika mkono, akamwinamisha kidogo, akangoja. Damyanti aliposema "Shikamoo, Bibi," kizee kikaachia kicheko kisicho na meno, kikasema, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha kikampapasa uso mzima kwa vidole vikavu, kipini cha puani, mashavu, kidevu, kama apapasaye mbuzi aliyeletewa ili ajue ni wa zizi lipi. Akamwambia Stumai kitu kwa Kinyaturu.

"Anasema nini?" aliuliza Damyanti.

"Anasema umekonda. Anauliza mama yako anajua?"

Damyanti alijibu kwamba mama yake yuko mbali. Alitaka kusema zaidi, lakini Kiswahili chake wakati huo kilikuwa bado hakijafika huko.

Miezi saba ikapita namna hiyo. Mvua zilikuja na kwenda, mashamba nje ya mji yakawa na mavuno. Halafu asubuhi moja vilio vilisikika nyuma ya ukuta. Kilianza kimoja, kirefu, kikafuatiwa na vingi, na Damyanti aliyekuwa akichambua mchele aliacha sinia akasimama. Katika vile vilio aliitambua sauti ya Stumai.

Dorika ndiye aliyeleta habari. Alitua debe, akasema, "Bibi amekwenda." Damyanti akauliza amekwenda wapi. Dorika akasema kwa upole usiokuwa wake, "Amekufa, mwali. Mama yake Stumai amekufa."

Damyanti alikimbilia dukani kwa mlango wa ndani. "Nataka kwenda," alimwambia mumewe. Prabhudas alikuwa tayari amesikia. Alikuwa ameshusha jora la bafta kutoka rafu ya juu, amekata sanda nzuri, ndefu, na kumkabidhi kaka yake Stumai aliyekuja kuiomba. Hakumtaka alipe kitu. Alikuwa na moyo mwema, Prabhudas.

"Muulize Ba," alisema.

Ba alikataa. Hakupandisha sauti. Alisema nyumba ya maiti ina unajisi, na nyumba ya maiti ya watu wasiokuwa wa kwao ina unajisi mara mbili. Alisema huko watampa chakula, na asipokula atawaudhi, akila atajiharibia. "Sanda imekwenda," alimaliza. "Inatosha."

Damyanti akabaki. Alasiri alilisikia jeneza likipita, wanaume wakidhikiri, nyayo zikienda upesi. Alipanda juu ya kinu ili aone juu ya ukuta, akaona vichwa tu na kile kitambaa cheupe alichokikata mumewe.

Kesho yake maziwa hayakuja. Hilo alilitarajia. Ambalo hakulitarajia ni Dorika, aliyeleta maji ya kisima cha karibu, ya chumvi, akayatua kwa kishindo, akageuka kuondoka.

"Dorika," Damyanti alimwita. "Haya maji..."

"Kule mwambani leo sikwenda. Nimeteka maji ya msibani tangu alfajiri. Wanawake wote wa mtaa huu wako kule. Wote." Akaweka mikono kiunoni. "Stumai ameuliza habari zako mara mbili. Mimi nimemwambia hujambo, upo nyumbani, unapika chai."

"Sisi tumeleta sanda," alisema Damyanti, na hata kabla ya kumaliza sentensi aliona jinsi ilivyokuwa fupi.

"Sanda ilitoka dukani," alisema Dorika. "Wewe ulitoka wapi?"

Alipokwisha kuondoka, Damyanti alikaa kizingitini mahali alipozoea kukaa Stumai. Alimfikiria mama yake mwenyewe, aliyemwacha bandarini akiwa amejifunika uso kwa pindo la sari. Siku mama yule atakapokufa, habari itachukua wiki ngapi kufika? Na ikifika, huku ni nani atakayeingia mlangoni akae naye? Alimhesabu mumewe. Alimhesabu Ba. Halafu hakumwona wa tatu.

Alinyanyuka, akajitanda ushungi vizuri, akaenda kusimama mbele ya Chanchal aliyekuwa akisali.

"Ba, ninakwenda kwa Stumai. Nitarudi jioni."

Hakuuliza, aliarifu tu. Chanchal hakufumbua macho. Damyanti alingoja kidogo asikie funguo zikilia, hazikulia. Akafungua mlango wa ua, akatoka.

Kwa Stumai hakukuwa mbali hata kidogo. Ilikuwa tembe moja, na nyingine, na uzio wa miiba, kisha ua uliojaa wanawake. Mazungumzo yalikatika alipoingia. Hakujua aanze na nani. Aliinama, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamooni. Poleni," na wachache wakaitikia. Stumai alikuwa ndani pamoja na wakubwa wa ukoo. Hakuna aliyemwambia keti, na hakuna aliyemwambia toka. Kusimama hivyo katikati ya ua wa watu, bila kazi mikononi, ni jambo zito sana. Dorika, aliyekuwa akimimina maji kwenye mtungi, alimwona, akainua nyusi, akaendelea kumimina.

Kando ya ghala wanawake wanne walikuwa wakisaga nafaka juu ya mawe mapana, ili wapate ugali wa wafiwa na wageni. Mmoja wao, mzee, alinyoosha mgongo kwa uchungu. Damyanti akaenda akapiga magoti mahali pake.

Jiwe lile hakulijua. Kwao jiwe la kusagia ni la duara, huzungushwa kwa mpini. Hili lilikuwa bapa, na jingine dogo la kushika kwa mikono miwili, unasukuma na kuvuta. Aliposukuma mara ya kwanza, nafaka ilirukia upande wa pili ikamwagika. Mwanamke mmoja akabana kicheko. Mzee yule akamshika viganja kutoka nyuma, akavikandamiza, akasema, "Usiibembeleze. Lalia." Damyanti akalalia. Mara ya tano unga ulianza kushuka pembeni, laini, wa rangi ya kijivu, na harufu yake ikampanda puani.

Aliacha kusaga. Aliuchota unga ule, akaunusa, akatazama punje zilizobaki ndani ya ungo, ndogo, zenye ncha. Huu ulikuwa uwele. Kwao huitwa bajro. Ni harufu iliyomwamsha kila alfajiri ya utoto wake, mama yake akizungusha jiwe na kuimba kwa sauti ya chini ili asimwamshe baba. Tangu apande meli alikuwa hajaisikia. Nyumbani kwa Prabhudas walikula mchele na ngano tu.

Kilio kilimtoka bila kumwomba ruhusa. Kilikuwa kikubwa, kibaya, cha mtu asiyejua kulia mbele za watu. Alilia kwa lugha yake, akimwita mama yake, kichwa kikiwa juu ya jiwe, unga ukimshika usoni. Alilia meli, alilia zile hatua kumi na nne kwa tisa, alilia vidole vikavu vilivyompapasa mashavu na kuuliza kama mama yake anajua. Wanawake waliokuwa wamekwisha nyamaza asubuhi ile wakamsikia. Mmoja akaanza kulia, kisha wa pili, kisha ua wote ukapokea.

Stumai akatoka ndani. Nywele zake zilikuwa hazijafungwa, uso umemvimba. Alikuja moja kwa moja, akaketi chini karibu na Damyanti, ubavu kwa ubavu, akamwekea mkono mgongoni. Walilia hadi wakachoka, kama watoto.

Mchana chakula kilipowekwa, Damyanti aliitwa kwenye sinia la Stumai. Kulikuwa na ugali wa uwele, mlenda, na bakuli la nyama. Alinyoosha mkono, akausitisha. Shangazi yake Stumai akasema, "Anaona kinyaa?"

"Huyu hali nyama," alisema Stumai, akilisogeza bakuli mbali na kuvuta mlenda karibu. "Ni mwiko wa kwao."

"Aa, mwiko," alisema shangazi, na uso wake ukalegea. Kila ukoo una mwiko wake. Katika ukoo wa shangazi kulikuwa na mnyama ambaye hata jina lake halitajwi penye chakula. "Basi ale mlenda. Mlenda hauna ugomvi na mtu."

Damyanti alikula hadi akalamba vidole.

Jua lilikuwa limeinama aliporudi. Chanchal alikuwa amesimama nje ya mlango wa ua, mbele yake ndoo ya maji na kata.

"Simama hapo hapo," alisema.

Damyanti akasimama. Alijua desturi: atokaye msibani huoga kabla ya kuingia nyumbani. Alidhani ataachiwa ndoo ajimwagie mwenyewe mbele ya njia. Lakini Chanchal alichota maji, akammwagia kichwani polepole, kisha mabegani, akimsugua unga uliomgandia kwenye nyusi kwa kidole gumba.

"Nilikuwa na binti," alisema Chanchal. "Kule Tabora. Prabhu alikuwa hajazaliwa."

Damyanti hakuthubutu kugeuka.

"Miaka minne. Homa ya siku mbili. Baba yake alikuwa safarini kununua ngozi. Nilimwogesha peke yangu, nikamvalisha peke yangu. Nyumba za watu zilikuwepo kushoto na kulia. Nilisikia wakitwanga. Hakuja mtu." Akamwaga kata nyingine. "Nikawachukia miaka mingi. Lakini wangekujaje? Mimi nilikuwa sijaingia kwa mtu hata mmoja. Hata jina la wa jirani nilikuwa silijui."

Maji yalikwisha. Chanchal akaiweka kata ndani ya ndoo.

"Umekula huko?"

"Nimekula, Ba. Walikuwa na bajro."

"Najua wana bajro," alisema Chanchal. "Tangu Tabora najua. Kwetu tulikula bajro kavu asubuhi na jioni, na siku nyingine jioni hakukuwa na hata hiyo. Mume wangu aliponileta huku nilimwambia, mimi sili tena chakula kile." Akainama kuokota ndoo, funguo zikalia. "Ingia, utashikwa na baridi."

Matanga yalipoanuliwa, Stumai alirudi na kibuyu chake. Walikaa kizingitini kama zamani. Mwishowe Stumai akauliza, "Siku ile ulimlilia mama yangu au wako?"

"Sijui, dada," alisema Damyanti. "Sikuweza kuwatenganisha."

Stumai akaitikia kwa kichwa kama aliyejibiwa vizuri. Hapo Chanchal akatokea jikoni. Alisimama mbele yao, akafungua kinywa, akakifunga, akamnong'oneza mkwewe swali kwa Kigujarati. Damyanti akamjibu kwa neno moja. Chanchal akamgeukia Stumai.

"Pole," alisema.

Stumai alishtuka, akanyanyuka kwa heshima. "Nimeshapoa, mama. Shikamoo." Chanchal hakujua la kufanya na shikamoo ile. Alisimama ameishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ambebe, hadi Damyanti alipomnong'oneza tena.

Si kwamba mambo yote yalinyooka tangu siku hiyo. Wapo wanawake wa mtaa waliomwita Damyanti "mke wa duka" hadi mwisho, na wapo wenye maduka wenzao walionung'unika kwamba nyumba ya Prabhudas imelegea. Upepo wa Singida hakuuzoea kamwe. Lakini mlango wa ua uliacha kufungwa mchana, na palipokuwa na msiba au mtoto mchanga mtaani, Dorika alipiga ukelele kutoka njiani, "Mwali, twende!" bila kusubiri jibu, akijua atasikia kandambili zikimfuata.

Mwishoni mwa mavuno Stumai alileta ungo wa uwele wa shambani kwake. Damyanti aliusaga, akaukanda unga kwa maji moto, akaanza kupigapiga mkate kwa viganja, kama alivyomwona mama yake akifanya. Mkate wa kwanza ulipasuka. Wa pili ukapasuka pia. Chanchal alikuwa kwenye kona akichambua dengu, amempa mgongo. Alivumilia hadi wa tatu.

"Maji mengi," alisema bila kugeuka. Kisha akanyanyuka, akakunja mikono ya blauzi hadi kwenye viwiko, akachukua bonge la unga kutoka mikononi mwa mkwewe. "Sogea. Tazama."